Mwaka wa Mpira Mkavu

Aprili 11, 1921. Marlow Bend

Mimi Lafayette Crouse nina miaka arobaini na minne, ingawa makaratasi ya klabu yanasema thelathini na minane na hakuna aliyeuliza. Kwa mrushaji wa besiboli huo ni umri wa kuwa marehemu. Nimeishi kuona ligi nne zikifa, na kila moja nilitoka nikiwa na mkono wangu mzima. Nimewaona makocha sita wakiondoka, wawili kwenda kaburini na wanne kwa kufukuzwa. Jukwaa la mbao la mji wa Kewasha lilishika moto nikiwa uwanjani, nikamaliza zamu yangu ndipo nikakimbia. Homa kubwa ya mwaka wa kumi na nane iliwachukua wenzangu wawili niliolala nao chumba kimoja, mimi ikaniachia kikohozi cha siku tisa. Nimepigwa mpira kichwani Jumamosi nikazinduka Jumanne. Nimeshinda michezo 268. Si maneno yangu, yako magazetini.

Shule nilikwenda misimu mitatu ya baridi tu, kwa hiyo atakayesoma asinisumbue kwa herufi. Naandika kwa sababu mwaka huu watasema mengi juu yangu.

Jambo lenyewe ni hili. Wakubwa wa ligi wamepiga marufuku mpira wa mate. Mrushaji haruhusiwi kuulowesha mpira kwa chochote. Akiurusha ukiwa na mate anatolewa uwanjani na kufungiwa siku kumi. Ila warushaji wazee wanaoutegemea mpira huo wameruhusiwa kuendelea nao mpaka wastaafu, mradi wawe wameandikwa kwenye fomu kabla ya Machi. Februari kocha wetu, Everett Pym, alikuja barazani kwangu na fomu hiyo, kalamu mkononi.

"Mzee Crouse, weka sahihi hapa tu, basi."

Nikamwambia anisomee kwanza. Akasoma. Nikasema, "Kijana, mimi sijatia mate kwenye mpira tangu nizaliwe. Mpira wangu unadondoka kwa nguvu za kifundo cha mkono. Shuka barazani kwangu."

"Mzee, kila mtu anajua."

"Basi kila mtu aweke sahihi."

Akashuka. Ana miaka ishirini na tisa, kasoma chuo, na huchana nywele kabla ya mchezo. Huyo ndiye kocha tuliyepewa.

Aprili 12

Baridi. Mkono mzima.

Aprili 19

Kitabu hiki nakificha ndani ya buti la zamani, kwa hiyo nitaandika.

Nilikuwa natia mate. Kila mpira wenye maana, tangu mwaka 1900. Unatafuna gome la mti ule unaotoa ute, unaficha mdomo kwa glavu, unalamba vidole viwili. Mpira unakuchomoka mkononi kama mbegu ya tikiti unayoiminya. Unakwenda umenyooka, halafu mbele ya mpigaji unaanguka kama umekatiwa kamba. Watu wakubwa wamepiga hewa mpaka wakakaa chini.

Na wote niliwaambia ni kifundo cha mkono. Niliwaambia waamuzi, waandishi wa habari, hata Orpha kabla hajawa mke wangu. Nimesema mara nyingi mno, hata Pym aliponisomea fomu nilikasirika kweli, kama mtu anayesingiziwa. Ndivyo nilivyo. Sasa fomu imekwenda bila jina langu, na mazoezini leo nimerusha mpira mkavu. Umekwenda umenyooka. Haukuanguka popote.

Aprili 27

Mchezo wa ufunguzi, nyumbani, dhidi ya Kewasha. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya uzio. Kiwanda cha matofali kilifungwa mchana ili wafanyakazi waje.

Mwamuzi alikuwa Con Haggerty. Huyu mtu amenisaka miaka kumi na tano. Anasimamisha mchezo, anadai mpira, anaugeuza, anaunusa, mimi nimeshaufuta kwenye suruali zamani. Nimemwita kipofu katika majimbo matatu.

Leo hakuwa na haja ya kunusa. Kila mara mkono wangu ulipopanda kuelekea mdomoni, maana mkono una mazoea yake, alisema neno moja tu kutoka nyuma ya mdakaji. "Crouse." Polepole, kama mwalimu. Nikaushusha. Nikarusha mkavu. Wakaupiga.

Watu wa Kewasha wakaanza.

"Babu! Mate yamekauka?"

"Mpeni maji jamani, mzee ana kiu!"

"Kifundo kimepata kutu, Lafe?"

Zamu ya tatu wakawa na alama sita, Pym akaja kwenye tuta la mrushaji kuuchukua mpira. Sikumpa. Akasimama mkono umenyooka. Nikampa.

Aprili 28

Mvua.

Aprili 29

Mvua.

Aprili 30

Mvua. Nimegombana na jiko.

Mei 8

Mipira yangu imepigwa tena, zamu ya nne. Baada ya mchezo Pym akaniita kando ya bomba la maji. Hakuzunguka.

"Mzee, Julai nne klabu zote zinapunguza watu, wanabaki kumi na wanne. Kwa sasa wewe ni wa kumi na saba."

"Najua kuhesabu."

"Kuna njia. Nimemwandikia katibu wa ligi. Anasema unaweza kuandikwa hata sasa, ukiapa kwa maandishi kwamba tangu uanze kazi unategemea mate. Barua itachapishwa gazetini, klabu nyingine zisilalamike. Naiandika mimi, wewe unatia sahihi."

Nikamwambia, "Nikiapa hivyo, michezo yangu mia mbili sitini na minane inakuwa ya nani? Ya mti?"

"Itakuwa yako. Mti hauwezi kurusha."

Jibu zuri, lakini sikumwambia. Nilimwambia sitaapa, leo wala mwakani, na Julai nne atalisoma jina langu kwenye orodha yake mwenyewe. Akauliza kwa mpira gani. Nikasema huo nitautafuta.

Nisipoupata, nafasi yangu iko kwenye tanuri la matofali, kusukuma mkokoteni na shemeji yangu anayeongea mfululizo.

Mei 15

Orpha kaniuliza mezani kwa nini sili. Nikasema kifundo kinauma. Akaweka uma chini.

"Lafe, nimekufulia suruali miaka kumi na tisa. Ule ute wa pajani unadhani nilidhani ni jasho?"

Nikauliza kwa nini hakusema siku zote hizo.

"Ulikuwa unafurahi sana ukisema kifundo."

Kisha akachukua mwiko. Amesema kuanzia leo nikipeleka vidole mdomoni ndani ya nyumba hii, nikila, nikifunua gazeti, nikifikiri, nitapigwa nao. Jioni hii nimepigwa mara kumi na moja. Sikujua kama mtu hujilamba hivyo.

Mei 22

Pym kaja uwanjani mapema, peke yake, akanikuta narusha ukutani. Akachukua mpira akaushika vibaya, kucha zimeng'ata ngozi na vifundo vya vidole vimekunjwa juu, kama mtu anayetaka kumpiga mtoto konzi. Akasema Ufaransa, jeshini, alikuwako mtu mmoja aliyeurusha hivyo nyuma ya hospitali, na hakuna aliyeweza kuupiga wala kuudaka.

"Basi urushe nione."

Akajaribu. Mkono haukunyooka. Ukaishia nusu, kama mlango uliofungwa kwa mnyororo, na mpira ukaanguka mbele ya viatu vyake. Akakunja shati nikaona kiwiko. Kipande cha bomu kiliingia huku kikatokea kule. Miezi yote hii nilidhani harushi kwa sababu ya maringo.

Hata hivyo nilimwambia huo ni mpira wa kurushia kuku mahindi. Akasema sawa, akaenda kuchana nywele.

Alipoondoka nikaushika vile. Hauna nguvu. Unatoka mkononi umekufa, hauzunguki hata kidogo. Lakini mmoja ulipofika karibu na ukuta ulitikisa kichwa. Niliona kwa macho yangu.

Juni 1

Mirusho mia mbili. Hakuna hata mmoja uliotikisika.

Juni 2

Mirusho mia mbili. Mmoja.

Juni 3

Mvua. Nimerusha ndani ya ghala la kiwanda, nimevunja taa. Nimesema ni paka.

Juni 5

Kanisani. Nimelamba kidole kufunua kitabu cha nyimbo, Orpha akanipiga kiwiko, mchungaji akadhani nimeguswa na mahubiri.

Juni 7

Mirusho mia mbili, sita mizuri. Leo alinidakia Stash Wojcik, mdakaji wetu, Mpolandi kutoka machimbo ya makaa, kifua kama kabati. Mpira wa nne ulikuwa unaelekea bega lake la kulia, akapeleka glavu huko, mpira ukabadili nia ukampiga puani. Akakaa chini anacheka, damu inamwagika.

"Mzee, huu mpira umelewa!"

"Umeupata wapi ulevi nchi hii siku hizi, pombe ikiwa marufuku?"

"Ndiyo maana nauonea wivu."

Pua imepinda. Anasema kwao watadhani kapigana na ataheshimiwa.

Kuna jambo limenishangaza. Mpira huu unataka vidole vikavu kabisa. Jasho kidogo tu unateleza, unazunguka, unakuwa mpira wa kawaida, unapigwa mpaka mtoni. Maisha yangu yote nilitafuta maji. Sasa natembea na mchanga mfukoni.

Juni 14

Joto. Kucha ya kidole cha kati imepasuka. Orpha ameilainisha kwa tupa ya seremala.

Juni 15

Mirusho mia mbili, arobaini mizuri.

Juni 19

Pym kaniingiza zamu ya nane, tukiwa tumeshashindwa. Wapigaji sita, hakuna aliyefika kituo cha kwanza. Mmoja alizungusha gongo, akasubiri, mpira ukapita baadaye kwa wakati wake. Wenzake walimcheka zaidi kuliko watu wetu.

Haggerty alisema "Crouse" mara tatu. Mkono ulipanda mara tatu. Bado upo huo mkono.

Juni 26

Nimeanza mchezo, nimeumaliza. Tumefungwa tatu kwa mbili, lakini moja ni kwa sababu Wojcik alishindwa kudaka. Kwenye garimoshi Pym akaja kukaa kiti cha mbele yangu.

"Mchezo wa asubuhi wa Julai nne ni wako, dhidi ya Kewasha. Orodha naibandika ukiisha. Nina nafasi moja, na vijana wawili wanaitaka."

"Nikishinda?"

"Ukishinda nitakuwa sina la kuwaambia wao. Ukishindwa nitakuwa sina la kukuambia wewe."

Nimeanza kumpenda huyu kijana, jambo linaloniudhi.

Julai 4

Naandika mkono ukiwa ndani ya beseni la barafu, huu wa kushoto ndio unaoandika, kwa hiyo hati ni mbaya zaidi.

Bendera kila mahali, bendi ya tarumbeta, watu elfu moja na zaidi. Wa Kewasha walikuja kwa garimoshi maalumu. Mmoja kaja na ndoo ya maji ameandika juu yake jina langu. Haggerty mwamuzi, bila shaka.

Zamu tano za kwanza sitaziandika, zilikwenda vizuri na mambo mazuri hayana habari. Wapigaji walizungusha magongo kama watu wanaofukuza nyigu. Tulikuwa na alama mbili, wao hawana. Zamu ya saba walipata moja. Joto likazidi. Mchanga mfukoni ukawa tope kwa jasho. Kila baada ya mrusho nilifuta vidole kwenye fulana, kwenye kofia, kwenye nyasi.

Zamu ya tisa, ya mwisho. Wawili wametoka. Mmoja yuko kituo cha tatu, akifika kituo cha nyumbani tumelingana. Anayepiga ni Hollis Ruppert, lijitu la pauni mia mbili na thelathini ambalo limekuwa likipiga mipira yangu tangu mwaka wa kumi na sita. Akakosa mara moja. Akakosa mara mbili. Bado mmoja, akiukosa huo ametoka na mchezo umekwisha.

Watu walisimama wote. Wojcik akakunja goti. Nikageuka nikaangalia mtu wa kituo cha tatu, nikarudi, nikakunja vidole niushike mpira.

Vilikuwa vimelowa.

Halikuwa jasho. Nilikuwa nimevilamba. Glavu mbele ya mdomo, vidole viwili, kama miaka ishirini na moja yote, na sikujua nimefanya lini. Haggerty hakusema kitu. Alikuwa ameinama anafagia kituo kwa kile kifagio chake. Hakuna aliyeona. Elfu moja wote hakuna.

Na mpira ulikaa mkononi, mwee, ulivyokaa! Kama mbwa wa zamani aliyerudi nyumbani. Nilijua utakwenda wapi. Utanyooka kifuani kwa Ruppert, utaanguka gotini, atapiga hewa, bendi italia, na jina langu litakuwa kwenye orodha. Mia mbili sitini na tisa.

Nilisimama sijui muda gani. Wojcik akapiga glavu yake. Ruppert akasema, "Babu, umesinzia?"

Nikashuka kwenye tuta. Nikatembea mpaka kwa Haggerty nikamnyooshea mpira.

"Con. Huu una mate. Nipe mwingine."

"Umesemaje?"

"Nimesema nimeutia mate. Mkono umekwenda wenyewe. Sijaurusha. Nipe mkavu."

Sina sauti ndogo. Safu za mbele zilisikia, zikawaambia za nyuma, nikasikia neno linapanda jukwaani kama moto kwenye majani. Kocha wa Kewasha akatoka mbio. "Mtoe! Amekiri! Mwenyewe amekiri! Miaka yote hii!" Pym naye akaja, akasimama kati yake na mimi, mkono wake mbovu ameutia mfukoni.

Haggerty aliugeuza mpira. Ulikuwa unang'aa upande mmoja. Miaka kumi na tano aliutafuta mpira huo, nimemletea mwenyewe.

"Sheria inasema atakayerusha," akamwambia kocha wa Kewasha. "Huyu hajarusha. Rudi kwenye benchi lako." Akautia ule mfukoni, akatoa mpya, akausugua kwa udongo mpaka mng'ao ukaisha. Akanipa. "Futa vidole, Crouse."

Nikafuta. Nikapanda tuta. Watu wa Kewasha wanapiga ile ndoo kwa fimbo. Wa kwetu kimya, na kimya chao kiliuma zaidi, maana kati yao walikuwamo waliopigana ngumi kwenye vilabu vya pombe wakitetea kifundo changu.

Nikakunja konzi nikaurusha ule mpira wa kuku.

Ulikwenda polepole mno. Niliona nyuzi zake zote nyekundu, hazikuzunguka hata nusu. Ruppert alianza kuzungusha, akajizuia, akaanza tena. Mpira ukaenda kulia, ukaona haya, ukarudi. Akakosa. Lakini Wojcik naye akakosa! Ukampiga kifuani ukadunda chini, na mdakaji asipoudaka mrusho wa tatu mpigaji anaruhusiwa kukimbia. Ruppert akatupa gongo akakimbia kituo cha kwanza, ardhi inatetemeka. Yule wa tatu naye anakuja nyumbani. Wojcik anazunguka kama kuku, anautafuta.

"Miguuni, Stash! Katikati ya miguu yako!"

Akauokota, akaurusha kituo cha kwanza akiwa amepiga magoti. Haggerty alikuwa ameshakimbilia kule ili aone vizuri, mzee mwenzangu yule, kofia imemtoka. Mpira ulifika. Mguu wa Ruppert ulifika. Haggerty akainua ngumi.

"Ametoka!"

Mpigaji akitoka hivyo, yule aliyekuja nyumbani hahesabiwi. Mbili kwa moja.

Julai 5

Jina langu ni la kumi na nne. Pym alilibandika mwenyewe kwa mkono mzuri. Nikamwambia kachana nywele vibaya leo. Akasema hakulala.

Mchana Haggerty kaja barazani kwangu, mara ya kwanza katika maisha. Orpha akamkatia pai ya tufaha. Alikula nusu ndipo akasema.

"Katibu wa ligi alikuwa jukwaani jana. Anasema uliyotamka mbele ya watu wote wale yanatosha kuwa kiapo. Amekuandika. Kuanzia kesho tia mate utakavyo, na mimi sitakuwa na la kukufanya."

Orpha akaniangalia. Nilitamani, sitadanganya. Vidole vilitamani.

"Mwambie alifute," nikasema.

"Lafe, usiwe punda. Una miaka arobaini na minne. Konzi zako zikikukataa Agosti utafanyaje?"

Alijua umri wangu. Siku zote huyu mtu alijua kila kitu.

"Con, miaka ishirini na moja niliwaambia watu mpira wangu ni mkavu. Sasa ni mkavu kweli. Ndipo niuloweshe?"

Akatafuna. Akasema mimi ni mjinga kuliko alivyodhani. Nikamwambia na yeye si kipofu kama nilivyotangaza. Akaomba kipande kingine cha pai.

Julai 6

Mvua.

Agosti 13

Nimepigwa vibaya sana huko Tilden. Alama tisa. Konzi zimenikataa kama alivyosema. Nimeanza upya mirusho mia mbili.

Agosti 17

Mia mbili.

Agosti 18

Mia mbili. Zimerudi.

Septemba 5

Msimu umekwisha. Tumekuwa wa tatu kati ya nane. Tangu Julai nne, na hiyo ikiwamo, nimeshinda michezo tisa, yote mikavu. Ile 268 kila mtu aihesabu apendavyo, nimechoka kuilinda. Hii tisa asiiguse mtu. Pym ameuliza kama nitakuja Aprili. Nikamwambia aandike jina langu mapema asije akasahau.

Anayedhani nimejipamba amwone Stash Wojcik, machimbo namba mbili, aitazame pua yake. Amwone Hollis Ruppert huko Kewasha, atatukana kwanza, halafu atasema kweli. Orpha Crouse yuko nyumbani, atakwambia hata nisiyoyaandika. Na hao wasipotosha, kuna Cornelius Haggerty, mwamuzi, ambaye hajawahi kunipendelea hata siku moja. Ameukagua kila mpira wangu mpaka leo mchana, hadi ule wa mwisho, akanirudishia mkononi bila kuufuta.